Sura ya Tatu Nimeitoa

Editha mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Uko chumba cha pili unapigana na begi lisilotaka kufunga, mama yako anakuambia utoe jozi moja ya viatu, nawe unamjibu kwamba Mbeya si mahali pa kwenda na kandambili. Kwa hiyo hali ni njema. Yangu ni njema pia, ila nimekaa hapa mezani tangu saa tisa, chai imepoa, na nimeshachana karatasi nne. Mtu aliyeandika vitabu viwili na kumaliza cha tatu anashindwa na barua ya kwenda chumba cha pili. Ungenicheka, na ungekuwa na haki.

Sitakuambia lolote juu ya chandarua, blanketi, wala watu wanaojifanya wema stendi. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na bibi yako ameyarudia kwenye simu kwa Kiha ili yaingie vizuri. Mimi nina jambo moja tu, na kusema kweli ni langu zaidi kuliko lako. Kesho alfajiri unapanda basi. Nataka uondoke ukijua kwamba ninajua nilichokukosea. Tena nataka, ukishafika huko, uwe unaniambia mambo. Sisemi "nzuri, baba" na "sawa, baba", maana hizo ninazo za kutosha miaka mitatu sasa. Nasema mambo, kama ulivyokuwa ukiniambia zamani, bila mpangilio na bila kupumua.

Ulipokuwa darasa la tatu mwalimu wako aliwauliza baba zenu wanafanya kazi gani. Wenzako walisema dereva, mkulima, fundi cherehani. Wewe ukasema, "Baba yangu anafikiri." Mwalimu akauliza, "Halafu?" Ukajibu, "Halafu analala." Mama yako alinisimulia kwenye simu, nami nikacheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuona kuna nini. Hakuna aliyewahi kuieleza kazi yangu vizuri kuliko hapo. Lakini nadhani hukuwahi kujua ni kitu gani hasa nilichokuwa nakifikiri muhula mzima nikiwa mbali nanyi, na bila kujua hilo hutaelewa jinsi nilivyopotea njia. Nitakueleza kwa kifupi. Usigune.

Unajua kwamba nilianzia seminari. Upadre ukanishinda, falsafa ikabaki. Kilichonivuta si vitabu, ni mikutano ya kijiji pale Munanila nilipokuwa kijana. Wanaume waliongea mkutanoni, tena kwa kirefu, na mwenyekiti akaandika. Kisha mkutano ukavunjika, wanawake wakaanza kurudi nyumbani na mizigo ya kuni, na huko njiani ndiko nilikosikia maneno yenye akili. Bibi yako peke yake, kati ya mkutanoni na kwetu, alikuwa anaweza kubomoa hoja tano za wazee na bado akakumbuka kuchuma mboga. Nikajiuliza: hawa wana uhuru wa kusema au hawana? Hakuna aliyewakataza. Na hawakusema. Nimekula mshahara wa swali hilo maisha yangu yote.

Utafiti wangu wa kwanza niliufanya Kibondo. Nilikuwa na kinasa sauti kikubwa kama nusu mche wa sabuni, na nilijiona mtu muhimu sana. Mjini pale kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vitenge na betri, Mzee Salumu, ambaye babu yake alitoka pwani. Alinikaribisha, akaniagizia kahawa, kisha akakiangalia kile kinasa sauti nilichokiweka juu ya kaunta.

"Mwalimu, huyu mwenzio anakunywa kahawa?"

"Hapana, mzee, hiki ni chombo tu."

"Hanywi kahawa, hajanisalimu, jina lake silijui. Mbona amekaa kwenye maongezi yetu?" Akakisogeza kwangu kwa kidole kimoja. "Mzime. Wewe nitakuambia. Yeye simjui."

Nikazima. Akaniambia mambo kwa muda wa saa mbili, mengine ya kuchekesha, mengine ya kuumiza, na nilipoaga akasema hayo yalikuwa yangu mimi, si ya chuo. Niliondoka Kibondo nimefurahi kweli. Nilidhani nimejifunza mengi kuhusu biashara na ukimya wa wafanyabiashara. Kumbe somo lilikuwa lile la kaunta, na nililiacha palepale pamoja na kikombe.

Kisha simu zikaja. Kila mtu akawa na kinasa sauti mfukoni, na mikutano ya kijiji ikahamia humo. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache pale chuoni waliosema jambo hili linataka falsafa yake, tukaliita maadili ya mtandao. Wenzangu walinitania kwamba nimepata kisingizio cha kuchezea simu kazini. Lakini darasa lilijaa. Nilifundisha juu ya nani ana haki ya kusema, nani anaumizwa na kilichosemwa, na kitu cha mtu kinakuwa cha nani kikishasambazwa. Nilikuwa mzuri, Editha. Nakuambia bila haya kwa sababu ndipo ajali ilipotokea, mahali nilipokuwa mzuri.

Ule ujumbe wa sauti unaukumbuka kuliko mimi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, uko likizo kwa bibi. Mwalimu Fidelis, katekista wetu, alifika na pikipiki kutoka Manyovu akiwa amebanwa vibaya na haja, na bahati yake mbaya ikamkutanisha na bibi yako mlangoni. Na bibi yako, sote tunajua, hasalimu kwa mkato. Kwetu salamu ni kwa makofi, na yake yana hatua. Anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza mbuzi, maharage, kahawa, na kila jibu linapigiwa makofi mapya, na katekista hawezi kumkatiza mama mzee katikati ya salamu, kwa hiyo anajibu na kupiga makofi huku amekunja magoti. Wewe ulikuwa jikoni unatazama. Ukachukua simu ya shangazi, ukaigiza yote, sauti ya bibi na sauti ya mwalimu aliyebanwa, dakika mbili na nusu, ukamtumia binamu yako Anita. Ila hukumtumia Anita. Ulituma kwenye kundi la ukoo.

Shangazi yako aliufuta kabla ya nusu saa. Bibi alisikilizishwa, akacheka, akasema mbuzi wake ulisahau kuwataja wawili. Mwalimu Fidelis hakujua chochote. Jambo likaisha. Nataka niliandike hili waziwazi kwa sababu kwenye maandishi yangu yote sikuwahi kuliandika: jambo lilikuwa limekwisha.

Mimi ndiye niliyelifufua. Mwezi uliofuata nilikuwa natoa mhadhara juu ya neno lililosemwa jikoni likafika barazani. Wanafunzi walikuwa wanasinzia, ulikuwa ni mchana wa joto, na mimi nikajikuta nasema, "Binti yangu Editha..." Nikaigiza. Nikapiga makofi. Nikakunja magoti kama Mwalimu Fidelis, nikamtaja na jina na kijiji. Ukumbi ulilipuka. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile, na nilirudi ofisini natembea kwa madaha. Nilikuwa najivunia wewe, hiyo ni kweli. Niliona una kipaji, na nilitaka watu wakione. Lakini nilijivunia na mimi mwenyewe, na hiyo nayo ni kweli, pengine zaidi.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amerekodi video. Baada ya siku mbili kile kipande kilikuwa kimefika hapa Kasulu. Ukawa huwezi kupita sokoni bila mtu kukukunjia magoti, na shuleni wakawa wanakuuliza choo kiko wapi. Kule Munanila vijana wakawa wanampigia Mwalimu Fidelis makofi marefu kupita kiasi baada ya ibada, mpaka akaacha kusimama mlangoni kusalimu watu. Wewe unajua maana yake. Kwetu katekista asiyesalimu ni kama kengele isiyolia.

Ulinipigia simu unalia. Na sasa sikiliza nilichofanya, maana hili huwa linanifanya nizibe uso peke yangu ndani ya basi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unalia, nami nikakueleza tofauti kati ya aibu na madhara. Nilikuambia aibu hupita. Nilikuambia mwanafalsafa fulani angesema hivi na mwingine vile. Nadhani nilifika hoja ya tatu ndipo ulipoacha kulia, nikadhani nimekutuliza. Kumbe ulikuwa umechoka tu. Ukasema, "Sawa, baba." Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza, na sikuisikia.

Halafu nikaandika makala. Ndiyo, nilikaa nikaandika, nikakuita "msichana M." kana kwamba Kasulu nzima haikukujua. Nilisema kwa lugha nzuri kwamba kitu kikishasambaa mtandaoni hakuna namna ya kukirudisha, na kinachobaki kwa mwenye nacho ni kujifunza kuishi nacho. Makala ilisifiwa. Nilialikwa huku na huku kuisoma, na cheo kilichofuata kilitokana nayo kwa sehemu kubwa. Tulikula pilau kusherehekea, na wewe ndiye uliyemenya vitunguu.

Ulipofika miaka kumi na saba uliikuta kwenye kompyuta yangu. Uliisoma yote, najua, kwa sababu ulikaa pale tangu mama yako alipoenda kanisani mpaka aliporudi. Nilingoja ugombe. Nilikuwa nimeshaandaa majibu, Mungu anisamehe. Ukasimama, ukasukuma kiti mahali pake, ukasema, "Baba, hukuniuliza." Ukaenda kuanika nguo.

Majibu yangu yote yalikuwa ya maswali mengine. Nilibaki nayo.

Tangu siku ile ukawa binti mwenye adabu kupita kiasi. Unaniamkia, unanipokea mzigo, unanijibu ninapouliza. Sauti za watu ulikuwa umeshaacha kuziigiza tangu ule mhadhara, angalau mimi nikiwepo. Ulipochagua kusoma uhandisi wa maji nilikuuliza kwa nini maji, nikitegemea hata ugomvi kidogo. Ukasema, "Bomba likivuja, baba, linavuja tu. Halina maneno." Ni jibu zuri sana, na lilinichoma. Nilikuwa ninafundisha vijana mia mbili uhuru wa kusema, na nyumbani kwangu mtoto wangu mwenyewe alikuwa ananipimia maneno kwa kijiko.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi iliyopita, tulipokwenda Munanila kumuaga bibi. Ulikuwa nje na mke wa jirani mnafunga yale maharage aliyokupa, ambayo sijui utayapikia wapi. Mimi na bibi yako tulikuwa ndani. Nikamwambia, kwa kumtania, kwamba yeye na salamu zake ndiye aliyeniharibia mtoto. Akaniangalia.

"Wewe hujui?" akasema. "Mwana wanje, mwanangu, wewe kweli hujui?"

"Sijui nini, mama?"

Akanisimulia. Kwamba mwaka uleule, katikati ya makelele yale, ulimwambia mama yako unakwenda kumsalimia bibi, ukapanda gari la Manyovu peke yako. Ulipofika ukauliza kama Mwalimu Fidelis yupo nyumbani. Bibi akasema twende. "Akaniambia oya, hapana bibi, nakwenda mimi. Basi nikamwacha atangulie, mimi nikapita kwenye migomba." Nikamuuliza alipita kwenye migomba kufanya nini. "Kuona! Ningekaa tu?"

Akaona. Ulipiga magoti mlangoni kwa mwalimu, ukapiga makofi, ukasema mwakeye, salamu yetu. Mwalimu akabaki na mikono mgongoni. Ukapiga tena. Ukamuuliza nyumba. Ukamuuliza watoto, mmoja mmoja kwa majina. Ukauliza mbuzi, ukauliza maharage, ukauliza kahawa imeiva au bado, ukauliza paa lililoezuliwa na upepo. Hukuruka hatua hata moja, na hukuigiza mtu, ulitumia sauti yako. "Mwanangu, aliuliza hata pikipiki!" bibi akasema, akapiga paja. Na mahali fulani kati ya kahawa na pikipiki mikono ya mwalimu ikaanza kupiga makofi yenyewe. Ndipo ukasema kilichokupeleka.

"Akajibuje?" nikauliza.

"Akasema, mtoto, umetoka Kasulu na gari, na umenisalimia muda wote huu. Choo kiko nyuma ya mgomba ule. Nenda kwanza, mengine tutaongea."

Mlicheka, anasema, mpaka mke wa mwalimu akatoka nje na mwiko mkononi kuuliza kuna msiba au harusi. Jumapili iliyofuata Mwalimu Fidelis alisimama mlangoni akasalimu watu wote, na vijana walipoanza makofi yao marefu, yeye akawajibu kwa marefu zaidi, akakunja na magoti, mpaka mchezo ukawaishia utamu.

"Na wewe wakati huo ulikuwa wapi?" bibi yako akaniuliza.

"Chuoni. Nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

"Juu ya jambo hilohilo, mama."

"Ego, haya. Na mwisho ukasemaje?"

Ikabidi nimwambie. "Nilisema jambo kama hilo haliwezi kurudishwa."

Bibi yako alicheka mpaka akashika mlango. Nami nikacheka, Editha, sikuwa na la kufanya. Makala iliyosomwa na watu wenye miwani minene ilikuwa imeshakanushwa na mtoto wa miaka kumi na mitatu kabla haijachapwa, kwa magoti na makofi, na mkanushaji amekaa nyumba moja na mimi miaka saba hajasema neno, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Unajua mkono wangu ulifanya nini baada ya kicheko? Ulikwenda mfukoni. Ulitoa daftari dogo. Nilikuwa nimeshaandika neno "pikipiki" wakati bibi yako alipoweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Weka hilo," akasema. "Hayo ni ya mtoto."

Nikaliweka. Nikasema naenda kunyoosha miguu. Mlidhani nimekwenda kuangalia shamba, lakini nilikwenda kwa Mwalimu Fidelis, miaka saba baada yako. Amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe, na pikipiki ni ileile. Nikampigia makofi kwanza, nikauliza nyumba, watoto, mbuzi. Kwenye maharage nikachoka, nikaingia kwenye jambo langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisamehe palepale, mtu mwema yule, kisha akanisindikiza hadi njiani. Tulipokuwa tunaagana akasema, "Profesa, binti yako anakuzidi. Wewe hukuuliza pikipiki."

Sasa hili la kitabu. Unajua ninacho kinachongojwa na wachapishaji. Usichojua ni kwamba sura ya tatu ni wewe, ile makala ya zamani, imetanuliwa na kupambwa. Wote walioisoma wamesema ndiyo nzuri kuliko zote. Na kwenye gari tulipokuwa tunarudi kutoka Munanila, wewe umelala na kichwa chako kinagonga kioo, nilijua tayari jinsi ya kuifanya iwe nzuri zaidi. Nina mwisho mpya. Nina magoti, nina migomba, nina bibi yako amejificha, nina msemo wa choo. Ningekubali kosa langu hadharani, watu wangenisifu kwa unyenyekevu. Niliona hadi kurasa zenyewe. Nilitaka sana, Editha. Bado nataka, hata sasa hivi.

Jumapili nikaanza kukuandikia barua ya kukuomba ruhusa. Hizo ndizo karatasi nyingine zilizochanwa, tofauti na nne za leo. Kila nilipoisoma niliona ujanja. Baba anayemwomba binti yake ruhusa siku anayomfungia mizigo, siku ambayo kila mtu analia kidogo na kumpa maharage, huyo haombi. Ungesema "sawa, baba", na nisingejua ni sawa ya aina gani.

Kwa hiyo siombi. Jumatatu nilimpigia mhariri nikamwambia sura ya tatu itoke.

"Profesa, hiyo ndiyo sura yenye uhai."

"Najua," nikasema. "Ni uhai wa mtu."

Amenuna, lakini atapona. Sura ya nne imesogea ikawa ya tatu, na kuna mahali hoja inaruka kama gari kwenye matuta, atakayesoma atanilaumu na nitanyamaza. Ile makala ya zamani bado iko iliko. Nimewaandikia wenye jarida waiondoe, wamejibu kwamba wanalitafakari. Video nayo ipo, nimeiona tena wiki hii, na yule mwanaume anayekunja magoti mbele ya watu simpendi hata kidogo. Sikudanganyi kwamba nimefuta kila kitu. Nimefuta kilichokuwa mikononi mwangu.

Kurasa zote za sura ile, pamoja na rasimu, nimezifunga kwa uzi na kuziweka ndani ya bahasha hii kubwa. Kwenye kompyuta hakuna tena, mama yako alisimama nyuma yangu nikizifuta na akahakikisha. Ni zako. Siku moja ukitaka kuisimulia hadithi ile wewe mwenyewe, utaisimulia vizuri kuliko mimi, maana ulikuwepo. Usipotaka, nimesikia Mbeya kuna baridi, na karatasi za falsafa huwasha jiko la mkaa vizuri sana.

Ningependa kukuachia busara moja safi ya baba, lakini nilizo nazo zote zina alama za vidole vyangu. Nilijua mengi juu ya kusema, nikachelewa sana kujua kuuliza. Nilikuwa na maelezo wakati mtu alipotaka nisimame tu karibu naye. Pengine wewe hutayakosea hayo, utakosea ya kwako. Ukiyakosea, kumbuka kwamba ulikwishafanya jambo gumu ukiwa na miaka kumi na mitatu, na nauli ya gari la Manyovu mkononi, wala hukuhitaji mtu akueleze namna. Ninakuheshimu kwa lile kuliko ninavyowaheshimu wengi niliowasoma. Na ninakupenda, hilo halina hoja wala tanbihi.

Bado jambo dogo, kisha nifunge, maana mama yako ameshaita chakula mara mbili.

Leo mchana nilipotoka stendi kuthibitisha tiketi yako, niliingia kwa mlango wa nyuma. Nikiwa pale kwenye pipa la maji nikasikia jikoni mtu anakohoa. Kilikuwa kikohozi changu, kile ninachokohoa kabla ya kusema jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Kisha nikasikia sauti yangu. Nilikuwa naeleza mambo, inaonekana, kwa kirefu. Mama yako alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kuomba msaada, na kitu kikaanguka, nadhani ni sufuria. Miaka saba sijakusikia ukifanya hivyo, nami nilidhani nilikiua kipaji kile. Kumbe kilikuwa kizima, kimekaa jikoni kinaningoja nitoke.

Mkono ukaenda mfukoni, nakiri. Nikashika daftari. Nikaliacha humo. Nilisimama pale kwenye pipa mpaka ukamaliza, kwa sababu ningeingia ungenyamaza, na ile kauli ya mwisho nisingeisikia. Ile ya mwisho ni kweli tupu. Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kofia, machozi yakanitoka. Sikuandika hata neno, sitamsimulia mtu, na hapa pia siisemi.

Ukifika, nipigie. Kwa desturi zetu wewe mdogo ndiye wa kuanza kusalimu, lakini simu hiyo ya kwanza nipe mimi nianze, nina deni la salamu. Nami sitaruka hatua. Nitauliza safari, nitauliza chumba, nitauliza wenzako mmoja mmoja kwa majina, baridi, chakula, maharage ya bibi. Nitauliza hadi mabomba.

Kisha nitanyamaza, nikusikilize.

Baba yako